Nilivyomuua Mama wa Tanuri

Jumapili, saa tisa alasiri. Garland, Texas.

Mvua ya mawe ya juzi imeliacha gari langu na vishimo kila mahali, boneti imekuwa kama uso wa mtu aliyeugua tetekuwanga. Leo jua linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Binti yangu Shali yuko chumbani na simu yake. Mimi niko jikoni na chai iliyopoa, na nina jambo la kuungama.

Nina wivu.

Si wivu wa mume, maana mume mwenyewe tuliachana kabla sijapanda ndege kuja huku. Wala si wivu wa wale wenzetu waliohamia Plano, mji wa wenye nazo, wanaotutumia picha za majiko yao mapya kwenye kundi la WhatsApp. Hao nimeshawazoea. Wivu wangu ni wa hadithi. Mwanamke wa miaka arobaini na tatu, mzazi, mwanakwaya, naona wivu kwa sababu ya tamthilia ya televisheni. Nikimwambia mtu ana kwa ana atanicheka, ndiyo maana naandika hapa ambapo hakuna anayeijua sura yangu.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha tortilla, zile chapati nyembamba za Kimeksiko. Mashine inasukuma, inaoka, inapoza. Sisi tunatoa zilizoungua na zilizokunjika, halafu tunafunga na kupanga kwenye maboksi. Kelele za mle ndani ni kubwa hata tunavaa vizibo masikioni, kwa hiyo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano hakuna anayeongea na mwenzake. Saa tano tunapewa nusu saa ya kula. Meza ya pembeni, karibu na mashine ya soda, ni yetu Waswahili: Wakongo saba, Warundi wawili, na Mkenya mmoja, ambaye ni mimi, mtu wa Voi.

Mwaka jana nilianza kuwasimulia tamthilia moja ya Waingereza ninayoiangalia kila Jumamosi. Inahusu wafanyakazi wa kiwanda cha biskuti, katika mji fulani wa kaskazini ambako mvua haikomi. Hakuna matajiri, hakuna bunduki. Ni watu wanaovaa vyandarua vya nywele kama sisi, wanaogombana na wasimamizi kama sisi, na wanaowakonyeza waume za wenzao kama mtu mmoja wa zamu yetu ambaye simtaji. Wenzangu walipenda sana. Walikuwa hawajui kwamba hata Mzungu huamka alfajiri akaenda kupanga biskuti kwenye boksi mpaka kiuno kikauma.

Kiingereza cha kwenye tamthilia ile ni cha kumeza maneno. Hata Wamarekani wenyewe, wakiiangalia, huweka maandishi chini ya picha. Mimi nakielewa, kwa kuwa nilikaa mapokezi miaka sita kwenye hoteli moja kule Voi, na wageni wetu wengi walikuwa Waingereza waliokuja kuona tembo na kulalamika kwamba maji ya kuoga hayana moto. Acha nijisifu kidogo, leo sitapata nafasi nyingine.

Pale mezani tuna desturi yetu. Anayesimulia hawezi kula, nusu saa haimtoshi kwa yote mawili. Kwa hiyo kila anayesikiliza huchota kidogo kutoka kwenye chakula chake, akaweka juu ya kifuniko cha bakuli la msimulizi, ili akimaliza apate cha kutafuna haraka akirudi kwenye mashine. Kwa mwaka mzima kifuniko kilikuwa changu. Sambusa, sombe, yaani kisamvu cha Wakongo, kipande cha ugali. Aliyeanza desturi hiyo ni Mama Riziki, mama wa Uvira mwenye miaka hamsini na kitu, mpole, anayefunga maboksi kushoto kwangu. Yeye aliniwekea ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika ambao sijui huwa anawapata wapi hapa Texas. Nilikula ndagala wa Mama Riziki nikajiona mtu wa maana.

Mwezi uliopita nilikwenda Houston wiki nzima, harusini kwa binamu yangu. Niliporudi, Jumatatu saa tano, nikakuta kifuniko kiko mbele ya mtu mwingine.

Anaitwa Nabintu. Msichana wa Bukavu, miaka ishirini na sita, ameingia kiwandani msimu huu. Kiingereza chake ni salamu ya asubuhi na neno la choo. Alikuwa amesimama, hakukaa kama mimi, anaigiza msimamizi wa kiwanda cha biskuti anavyotembea huku akiangalia saa. Meza nzima imeangua kicheko. Hata Wameksiko wa meza ya jirani, ambao hawasikii neno, walikuwa wamegeuza viti.

Nilikaa nikasikiliza. Baada ya dakika tatu nikagundua kwamba hakuna hata kimoja kilichotokea kwenye tamthilia.

Nabintu huiangalia kwa jirani yake, bila kuelewa maneno, anatazama picha tu. Kisha anatunga. Majina ya Kizungu ameyatupa, kila mtu amempa jina la kazi yake: msimamizi ni Bwana Saa, yule binti mwizi wa wanaume ni Mama Sukari, na Brenda, mama mnene wa makamo anayesimamia tanuri, ni Mama wa Tanuri. Wanaume waliokuwa maadui yeye kawafanya ndugu. Ugomvi wa mshahara yeye kaugeuza ugomvi wa mahari. Na watu wanampenda. Walinikaribisha vizuri, wakaniuliza habari za harusi, halafu wakageuka tena upande wake. Mama Riziki alinyoosha mkono na ndagala wake. Niliufuata ule mkono kwa macho mpaka ulipotua kwenye kifuniko cha Nabintu.

Nilikula wali wangu wote siku ile, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka, na haukuwa na ladha.

Wiki mbili nilivumilia. Nasema nilivumilia, lakini Shali ndiye aliyeishi na mimi nyumbani, na jioni moja alichoka kunisikia. Nilikuwa namweleza kwa mara ya nne jinsi mtu anavyoweza kudanganya meza nzima mchana kweupe. Akaondoa kisikizi kimoja sikioni akaniambia, “Mom, you're jealous of somebody who can't even understand the show. That's kind of sad.” Eti namwonea wivu mtu asiyeelewa hata tamthilia yenyewe, nasikitisha. Nikamtuma aoshe vyombo. Vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumatano ndipo nilipofanya nilichofanya.

Siku hiyo Nabintu alifika kwenye ugonjwa wa Mama wa Tanuri. Kwenye tamthilia ya kweli jambo hili lilishapita zamani, katika misimu ya mwanzo ambayo sikuwasimulia na ambayo jirani wa Nabintu ndiyo kwanza anaiangalia: Brenda anagundua uvimbe kwenye titi, na inachukua sehemu kadhaa. Katika hadithi ya Nabintu, Mama wa Tanuri alikwenda hospitali, akakatwa uvimbe, akalala siku nne, akarudi kiwandani kwa miguu yake. Wenzake wakamwokea keki kubwa kuliko meza. Bwana Saa akasimamisha mashine, akacheza. Nabintu aliucheza huo mchezo wa Bwana Saa pale mbele ya mashine ya soda, watu wakapiga makofi, na Mama Riziki alipiga makofi kuliko wote. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi nikajisemea kwamba katika mwaka wangu mzima sikuwahi kumtoa Mama Riziki chozi.

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Nikasema, kwa sauti ya mapokezi, ile ya kumwambia mgeni kwamba chumba chake kimekodishwa kwa mwingine:

“Huyo mama alikufa. Mnadanganywa. Walimzika kwenye mvua, nimeona kwa macho yangu na nimesikia kwa masikio yangu.”

Mama Riziki akaniuliza alikufa kwa ugonjwa gani. Nikamjibu, kwa uvimbe huo huo. Akarudisha kifuniko juu ya bakuli lake, na chakula kilikuwa bado nusu. Nabintu hakubisha. Aliangalia chini, akakaa.

Nitasema kweli yote kwa kuwa ndiyo niliyoijia hapa. Nilifurahi. Nilirudi kwenye mashine nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua ndoo. Nilifunga maboksi mchana ule naimba ndani ya vizibo vyangu.

Alhamisi Mama Riziki hakuja mezani. Alikula peke yake kwenye gari la mtu anayempa lifti. Ijumaa vilevile. Nikadhani amenuna kwa ajili ya Nabintu, nikamwonea wivu Nabintu hata kwa hilo, kwamba ana mtu wa kununa kwa ajili yake.

Ijumaa hiyo zamu ilipoisha nikamkuta Nabintu amesimama kando ya gari langu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa hata na maneno tayari, ya Kiswahili sanifu, nimkomeshe. Yeye hakuwa na ugomvi. Aliniambia kwamba Mama Riziki ana uvimbe kwenye titi tangu kabla ya Krismasi. Amemwambia yeye peke yake. Mwanawe, Riziki mwenyewe, anaendesha lori huko Houston na hajaambiwa, kwa sababu mama anaogopa ataacha kazi arudi. Hospitali walishampiga picha, wakampa siku ya kwenda kutolewa kipande cha nyama kipimwe. Siku yenyewe ni Jumatatu hii. Tangu Jumatano anasema haendi.

Nikamwambia, basi na wewe ulikosea, ulimdanganya mgonjwa, hukuelewa ulichokiona. Hata hapo nilikuwa bado nataka kushinda.

“Dada Mghoi,” akasema, “anglais, hii Kiingereza, sijue. Lakini sanduku ya maiti niliiona. Sanduku haiombe anglais.”

Kisha akanieleza. Kila siku Mama Riziki alikuwa anamuuliza wakiwa kwenye gari la yule mtu anayewapa lifti wote wawili: yule Mama wa Tanuri ataenda kwa daktari ao hataenda? Nabintu akamjibu, ataenda. Na Mama Riziki akasema, basi akienda yeye, na mimi nitaenda. Ndiyo maana Mama wa Tanuri alikwenda, akakatwa, akapona, akaokewa keki. Hadithi yote ile ilikuwa ya mtu mmoja, na sisi wengine tulikuwa tunaisikiliza tu.

Niliendesha gari mpaka nyumbani bila redio. Usiku nilisali, lakini sala ilikuwa ya kujitetea zaidi kuliko ya kuomba. Nilimwambia Mungu kwamba sikujua. Ni kweli sikujua. Ila pia ni kweli kwamba nilimwona mama yule akifunika chakula chake, na sikumuuliza ana nini.

Jumamosi sikuiangalia tamthilia.

Leo baada ya ibada nimekwenda kwa Mama Riziki. Anakaa mitaa mitatu kutoka kwangu, ghorofa ya chini. Nimebeba sukari na majani ya chai, maana kwa mtu huendi mikono mitupu, na zaidi ukiwa na kosa. Nimemkuta anatwanga sombe kwenye kinu kidogo. Amenikaribisha vizuri, jambo lililoniumiza kuliko kama angenifungia mlango. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba nilikosea, kwamba nilichanganya na tamthilia nyingine, kwamba Brenda yu mzima na anaoka biskuti mpaka leo. Niliurudia uongo huo njia nzima.

Hakunipa nafasi. Aliweka mchi chini akasema, “Mama Shali, weye unajua Kizungu. Nieleze ya kweli. Yule mama alikufa?”

Nikashindwa kusema uongo. Sijui kwa nini, Nabintu angeusema kwa urahisi na ukawa mtamu. Nikasema ndiyo, alikufa. Halafu nikamweleza mengine, yale ambayo Jumatano sikuyasema. Kwamba Brenda aliuficha ule uvimbe miezi minane. Kwamba aliogopa kupoteza zamu yake kwenye tanuri, akawa anavaa shati pana na kucheka sana. Kwamba daktari alimwambia, kwa upole, ungekuja mapema tungezungumza mambo mengine. Kwamba kwenye mazishi rafiki yake alilia akisema, nilikuwa nimesimama karibu naye kila siku na sikumuuliza.

Nilipofika kwa huyo rafiki nikanywa maji.

Mama Riziki alinihesabia kwa vidole, tangu kabla ya Krismasi mpaka leo. Miezi haikufika minane, haikufika hata mitano. Kisha akaniangalia.

“Mbona hiyo haukuisema ile siku?”

Ningemwambia nini, kwamba ile siku nilikuwa nataka ndagala wake? Nilimwambia, “Nisamehe, mama.” Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, amesema amesikia.

Baadaye, baada ya chai, akanipa masharti. Kesho atakwenda. Nabintu lazima aje, akae naye, amshike mkono na kumwongelesha mambo ya Bwana Saa na Mama Sukari mpaka waite jina lake. Mimi niendeshe gari, na niingie naye kwa daktari nimfasirie. Hospitali humpa mkalimani wa kwenye simu, ila mara iliyopita mkalimani yule aliongea Kiswahili kilichonyooka mno, mama akawa anaitikia tu ndiyo, ndiyo, bila kushika kitu, akatoka na karatasi asiyojua inasema nini. Nikamwambia Nabintu anaweza kukaa naye na ndani pia, wakiruhusu. Akatikisa kichwa.

“Nabintu ananipenda sana. Docteur akisema mubaya, yeye atanifichia. Weye hautanifichia.”

Nimerudi nyumbani na maneno hayo na mpaka sasa sijui kama nimesifiwa au nimechapwa. Nabintu anampenda, amesema. Mimi ni yule ambaye hatamfichia. Nimeyapindua kila upande na wivu uko pale pale, haukutubu nilipotubu mimi. Nilipompigia Nabintu kumwambia, alipiga vigelegele kwenye simu kama kuna harusi, akauliza nitampitia saa ngapi na kama anaweza kubeba keki. Keki! Mimi ningefikiria kubeba maji na karatasi za bima. Ndiyo tofauti yetu, na ninajua mgonjwa angependa kumwona nani akiingia mlangoni.

Nimeshamwomba msimamizi ruhusa ya kutwa. Nimejaza mafuta. Nimeandika kwenye kikaratasi maneno ambayo daktari anaweza kuyatumia, na kando yake namna ya kuyasema ili mama wa Uvira aelewe. Kuna neno moja nimeliandika mara tatu na kulifuta mara tatu. Kama litatamkwa nitalisema, nitamwangalia machoni na kulisema lote, kwa kuwa hilo ndilo aliloniomba.

Shali ametoka chumbani sasa hivi, ameuliza kwa nini nalia kwenye chai. Nimemwambia ni vitunguu. Hakuna kitunguu hapa mezani.

Kesho saa kumi na mbili na nusu nitakuwa mlangoni kwa Nabintu, saa moja kasoro robo kwa Mama Riziki. Mwaka mzima niliringa kwamba yangu ndiyo hadithi ya kweli. Ee Mungu, kesho hadithi yangu iwe ya uongo. Kesho ya kweli iwe ya Nabintu.